Mawe ya Kwetu na Chipu za Ulimwengu

Katika parokia za milimani, tangu Luhwindja mpaka Kamituga, wakatekista wanaulizwa mara nyingi neno hili: zahabu na koltani zetu zinakwenda wapi, na kwa sababu gani wakubwa wa dunia wanagombania mawe? Wengine wanajibu upesi: "Wanatengeneza telefone." Jibu hilo si uongo, lakini ni fupi mno. Tena linaleta matumaini ya bure, sawasawa kama Luhwindja ingefunga njia leo, viwanda vya Asia vingesimama kesho yake. Tutazame basi jambo lenyewe.

Chipu ni kipande chembamba cha silisyumu, kidogo kuliko ukucha, chenye kuchorwa njia nyingi za umeme zisizoonekana kwa macho. Silisyumu inatoka katika mawe meupe ya kwarsi, wala si kwetu inakotafutwa. Lakini chipu peke yake haifanyi kazi. Inaunganishwa na vipande vingine kwa etani, ambayo inatoka katika kasiteriti. Karibu yake vinawekwa vyombo vidogo vya tantali, yaani koltani iliyosafishwa, vya kutunza umeme kwa kitambo kidogo. Ndani yake mna wolframu, na mara nyingi nyuzi za zahabu, nyembamba kuliko unywele, zinaifunga kwenye miguu yake. Hivi mawe manne ya Kivu yanaingia katika kazi hiyo, kila moja kwa sehemu ndogo.

Luhwindja iko cheferi ya teritware ya Mwenga, nchi ya milima na baridi. Zahabu yake ilijulikana tangu wakati wa Wabelgiji. Kompani MGL ilichimba, kisha SOMINKI tangu 1976, kisha Banro ya Kanada, ambayo kiwanda chake cha Twangiza kilitoa zahabu ya kwanza mwaka 2011. Jamaa nyingi zilihamishwa zikapelekwa Cinjira. Wachimbaji wa mikono walipoteza mashimo yao, na wamama wenye kutwanga mawe wakakosa kazi ya kila siku. Je, zahabu hiyo yote ilikwenda kwenye chipu? Hapana. Katika zahabu inayonunuliwa duniani, chini ya sehemu kumi kwa mia inaingia katika mashini za umeme. Inayobaki ni ya mapambo na ya benki. Na zahabu ya wachimbaji wa mikono inavuka mipaka kwa siri, nyingi inafika Dubai, inayeyushwa pamoja na ya nchi zingine. Nyuma ya hapo hakuna mutu wa kuitambua tena.

Juu ya ile siri Wamarekani waliweka sheria mwezi wa 7 mwaka 2010. Watu wa Kivu wanaiita "Loi Obama". Haikukataza kununua. Ilidai tu kwamba kompani kubwa zitangaze kama etani, tantali, wolframu na zahabu yao inatoka Kongo ao kwa jirani zake, na kama inalisha wenye silaha. Lakini wanunuzi wengi waliona ni rahisi zaidi kuondoka kuliko kuuliza. Mwezi wa 9 mwaka ule ule Prezidenti Kabila alifunga machimbo ya mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Wazazi wakakosa feza ya masomo, na wenye silaha hawakukosa bunduki. Hata hivyo hatusemi sheria ilikuwa mubaya. Mwaka 2014 maaskofu wengi wa nchi mbalimbali waliomba Ulaya nayo iweke sheria ya namna hiyo. Ikaandikwa 2017, ikaanza kushika mwaka 2021. Ubaya ulikuwa kufunga mulango bila kumufungulia mukulima mwingine.

Kwa hiyo mutu akija kuuliza kama kuuza koltani ni zambi, tusimujibu kwa neno moja. Waseminari wamejifunza kutenganisha cooperatio formalis na cooperatio materialis. Hapa ndipo masomo hayo yanatembea kwa miguu. Kijana anayelipa kwenye kizuizi kwa kuogopa kifo hafanani na mwenye kuweka kizuizi. Na yule anayechanganya mawe ya vita katika mifuko yenye alama ya usafi, akijua, huyo anasema uongo kwa feza, hata kama hajashika bunduki. Mwaka 2025 wapiganaji wa M23 walifika mpaka Twangiza yenyewe. Maulizo haya si ya vitabu tu.

Nguvu yenyewe iko mbali na mashimo. Chipu bora za dunia, karibu sehemu tisa kwa kumi, zinatengenezwa na kompani moja ya Taiwan, TSMC. Mashini za kuzichora zinatoka kwa kompani moja ya Uholanzi, ASML. Mwaka 2022 Marekani ilizuia chipu kubwa na mashini za kutengeneza chipu zisifike China. Mwaka 2023 China ikajibu kwa kubana galyumu na germanyumu, madini ambayo inasafisha kuliko wote.

Na germanyumu tunaijua. Transista ya kwanza, mwaka 1947, ilikuwa ya germanyumu, na katika miaka iliyofuata Kipushi ya Katanga ilitoa nyingi. Union Minière iliisafishia Ubelgiji. Kisha silisyumu ikachukua nafasi yake, na Kipushi haikubaki na kiwanda cha transista hata kimoja. Mwaka 2024, China ilipokwisha kubana, kampuni ndogo ya Gécamines ilianza kutoa germanyumu katika mulima wa takataka za zamani za Lubumbashi. Muzigo wa kwanza ulipelekwa kusafishwa Ubelgiji, kwa Umicore, ambayo ni Union Minière ile ile kwa jina jipya.