Simu na kompyuta sasa zaongea bila waya

Picha za harusi zimo katika simu ya mama, kazi ya chuo imo katika simu ya kijana, na waya wa kuzipeleka kwenye kompyuta ya nyumbani umekatika. Familia ngapi zimefika hapo?

Bluetooth yaweza kuwafaa. Mawimbi haya ya redio yalianza kushughulikiwa na kampuni ya Ericsson nchini Uswidi mwaka wa 1994. Jina ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa Jino la Buluu. (Wazungu nao!) Kwa kawaida hufika kama mita 10, na ukuta wa mawe huyapunguza nguvu.

Kompyuta kuukuu huenda haina uwezo huo. Nunua kidude kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Washa Bluetooth pande zote mbili, tafuta jina la simu kwenye kompyuta, kisha linganisha tarakimu zinazotokea. Zikitofautiana, kataa! Katika ploti yenye vyumba 20, simu ya jirani pia huonekana, na picha za binti yako zisije zikaishia kwake.

Kipanya, kibodi na hedifoni huunganishwa karibu vivyo hivyo. Lakini filamu nzima usithubutu, utalala ukingoja, afadhali waya. Sauti ikikatikakatika, sogea mbali na maikrowevu, kwani hutumia masafa yaleyale ya gigahazi 2.4.

Na kabla ya kuuza simu au kompyuta, futa majina yote yaliyounganishwa nayo.