Kukosa usingizi: Miwani ya kisasa si tiba pekee

MKAZI wa Kintinku, mji mdogo wa wilayani Manyoni, mkoani Singida, anayekesha usiku kucha akisikia garimoshi likipita katika Reli ya Kati, huenda akaamini kuwa tiba yake ni vidonge vya usingizi tu.

Hata hivyo, watafiti katika nchi zilizoendelea wamekuwa wakijaribu njia nyingine: miwani ya uhalisia pepe. Miwani hiyo hufunika macho na kumwonesha mgonjwa mandhari tulivu, kama ufukwe au msitu, huku sauti ikimwelekeza kuvuta pumzi polepole na kulegeza misuli.

Novemba 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha miwani ya aina hiyo kwa maumivu sugu ya mgongo. Kwa upande wa usingizi, tafiti bado ni chache na nyingi zimehusisha watu wachache.

Kitaalamu, tatizo huitwa sugu iwapo mtu hukosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, ilhali anayo nafasi ya kulala, na mchana hushindwa kufanya shughuli zake ipasavyo.

Mara nyingi kinachoendeleza hali hiyo ni hofu ya kutolala. Mgonjwa huhesabu saa, moyo humwenda mbio, misuli hukakamaa na ubongo hubaki macho. Mandhari tulivu humwondoa katika mawazo hayo, nayo pumzi ya polepole hutuliza moyo.

Utulivu huo, hata hivyo, hauhitaji miwani. Mwaka 1929, daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, alichapisha kitabu kuhusu kulegeza misuli. Mtu hukaza misuli ya miguu kwa sekunde chache, huilegeza, kisha hupanda taratibu hadi usoni.

Mwaka 2016, Chuo cha Matabibu cha Marekani kilipendekeza kuwa watu wazima wenye tatizo hili waanze na tiba ya kubadili fikra na mwenendo kabla ya dawa. Miongoni mwa masharti yake ni kuamka saa ile ile kila siku, kutumia kitanda kwa kulala na tendo la ndoa tu, na kuondoka kitandani usingizi unapogoma, kisha kurudi unapokuja.

Dawa kama diazepamu zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kumfanya mtu awe tegemezi, na kwa wazee huongeza hatari ya kuanguka. Aliyezizoea asiziache ghafla bila ushauri wa daktari.

Aidha, anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini, au mwenye huzuni isiyokwisha, anapaswa kwenda hospitali, kwani kukosa usingizi kwaweza kuwa dalili ya maradhi mengine. Kwa wakazi wa Kintinku, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo katika mkoa jirani wa Dodoma.