Kelele ruksa, chupa marufuku

TEXAS, MAREKANI. Kwenye futiboli ya vyuo vikuu Marekani, kelele za jukwaani ni silaha halali. Wageni wakishambulia, mashabiki wanapiga mayowe hadi mrusha mpira hasikiki na wenzake, analazimika kuwapa ishara za mikono. Wenyeji wakishambulia, uwanja unanyamaza.

Lakini Oktoba 19, 2024, mashabiki wa Texas walivuka mpaka.

Siku hiyo Texas, waliokuwa namba moja kwa ubora nchini humo, waliikaribisha Georgia mjini Austin, kwenye uwanja unaoingiza watu zaidi ya 100,000. Robo ya tatu, Georgia ikiongoza 23-8, beki Jahdae Barron akaunasa mpira wa Carson Beck na kukimbia nao hadi karibu na mstari wa Georgia. Uwanja ukalipuka. Kumbe kitambaa cha njano kilishatupwa: waamuzi walisema Barron alimchezea rafu mpokeaji.

Hapo ndipo chupa zikaanza kumiminika uwanjani. Kocha wa Texas, Steve Sarkisian, akaenda mwenyewe kuwasihi mashabiki waache. Mechi ikasimama, uchafu ukaokotwa.

Wakati huo waamuzi wakajikusanya wakateta. Kosa la aina hiyo halikaguliwi kwa marudio ya video, hivyo njia pekee ilikuwa wao kwa wao kuulizana nani aliona nini. Walipomaliza, wakafuta adhabu. Texas wakapewa mpira, na muda mfupi baadaye ubao ukasomeka 23-15.

Kocha wa Georgia, Kirby Smart, alikuja juu. Hoja yake: sasa kila shabiki atajua kwamba ukirusha chupa, uamuzi unageuka.

Uongozi wa ligi ya SEC ulisema adhabu ile haikustahili tangu mwanzo, na waamuzi kushauriana ni utaratibu halali. Hata hivyo, uliipiga Texas faini ya dola 250,000 na kuitaka iwasake waliorusha.

Georgia walishinda 30-15, kwa hiyo hakuna aliyeporwa ushindi. Ila swali halikuondoka na filimbi ya mwisho: kama uwanja ungebaki safi, waamuzi wangepata wapi muda wa kuulizana? Haki ilipatikana, lakini imepitia mlango ambao hakuna mwamuzi anayetaka uzoeleke.