Mfuko Unaooza, Lakini Unaozea Wapi?

Siku gari la taka linapopita, mifuko myeusi huwa imeshapangwa nje ya mageti ya Ruiru tangu asubuhi. Ndani yake mna mchanganyiko wa kila kitu: maganda ya viazi, ugali uliolala, nepi, chupa za soda, majani ya chai na, kwa wanaofuga mbwa wa ulinzi, kinyesi kilichozolewa uani. Mfuko ukishafungwa fundo, vyote hivyo ni taka tu, ingawa sehemu kubwa ingeweza kurudi shambani kama mboji.

Mfuko huo ndio uliolengwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, mwezi Aprili 2024. Katika tangazo lake, mamlaka ilitoa siku 90 kwa nyumba, taasisi, makanisa, misikiti na waandaaji wa hafla waache kutia taka zinazooza katika mifuko ya kawaida ya plastiki, na badala yake watumie mifuko inayooza kabisa. Msingi wa agizo hilo ni Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale pale zinapozalishwa.

Kenya ilikuwa imeshaanza safari hiyo Agosti 28, 2017, ilipopiga marufuku majuala ya dukani, na adhabu ikawa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Kabla ya hapo, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kuwa maduka makubwa ya Kenya pekee yaligawa takriban mifuko milioni 100 kila mwaka. Majuala yakatoweka madukani, lakini mfuko mkubwa wa taka ukabaki jikoni.

Kwa Thika na Ruiru, miji ya Kaunti ya Kiambu, jambo hili ni zito. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi takriban 490,000 mjini Ruiru na 250,000 mjini Thika, na taka nyingi zinazozolewa huku huishia Kang'oki, jaa kubwa lililo Thika. Taka za jikoni zikifukiwa humo zikiwa zimefungwa ndani ya plastiki, huoza bila hewa. Hapo hutoa methani, gesi inayochangia sana joto la dunia, na maji machafu yenye harufu kali ambayo yasipozuiwa huchuruzika hadi ardhini na mitoni.

Kang'oki kwenyewe kuna somo zuri. Shirika la UN-Habitat, likishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Fukuoka cha Japani, lilianzisha humo mfano wa jaa linalopumua. Mabomba yenye matundu hulazwa chini ya taka. Maji machafu hutoka kupitia mabomba hayo na hewa hupata njia ya kuingia. Vijidudu vikipata hewa, taka huoza haraka zaidi na methani hupungua.

Mfuko wenyewe nao lazima uwe wa kuoza kweli; kununua wenye picha ya jani la kijani hakutoshi. Baadhi ya mifuko ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuifanya ivunjike vipande vidogo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2021 kwa sababu vipande hivyo hubaki kuwa plastiki. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walieleza kuwa mfuko ulionadiwa kuwa unaooza ulikaa ardhini miaka 3, nao ukafukuliwa ukiwa bado unabeba bidhaa za dukani.

Mfuko wa kweli wa mboji mara nyingi hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au mihogo pamoja na viungo vingine vinavyooza. Ukiushika ni laini, karibu kama kitambaa. Mnunuzi atafute alama ya kipimo cha EN 13432, kinachodai angalau asilimia 90 ya mfuko iwe imeoza ndani ya miezi 6 katika kiwanda cha mboji chenye joto la kutosha. Katika shimo la nyuma ya nyumba utachukua muda mrefu zaidi. Una udhaifu pia: ukijazwa mabaki yenye mchuzi ukakaa wiki nzima, hulegea na kuvuja. Dawa yake ni kuchuja maji kwanza, kutandika gazeti kuukuu chini ya ndoo na kuutoa mfuko kila baada ya siku mbili tatu.

Kinyesi cha mbwa kina kanuni zake. Hubeba mayai ya minyoo ambayo huweza kudumu udongoni kwa miaka, na watoto wanaochezea mchanga ndio walio hatarini zaidi. Hata kikiwa ndani ya mfuko unaooza, kisichanganywe na mboji ya kukuzia sukuma wiki. Mwenye uwanja achimbe shimo la pekee, mbali na kisima, mto na bustani ya mboga, afukie na kufunika kila mara. Anayeishi kwenye ghorofa akifunge katika mfuko wake na kumwarifu mzoaji.

Mzoaji naye ana sehemu yake kubwa. Familia ikitenganisha taka kisha zikamwagwa pamoja ndani ya lori, jasho lote la jikoni limepotea, na mfuko wa bei ghali umefukiwa sawa na ule mweusi. Sheria ya 2022 inazitwika serikali za kaunti, Kiambu ikiwemo, jukumu la kuwa na vituo vya kuchambua taka. Wakati huo huo, wapangaji na chama cha wakazi wa mtaa wanaweza kukubaliana mambo mawili na anayewazolea: siku maalumu ya taka zinazooza, na jina la mahali zinakopelekwa, liwe shamba, kituo cha mboji au banda la kufugia funza wa kulisha kuku. Mkataba wa kuzoa taka unapofanywa upya, hayo yaandikwe ndani yake kando ya bei ya mwezi.