Chembe Zinazojijenga Zenyewe katika Chanjo ya Malaria

Molekuli yenye upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia haitulii ikitiwa majini. Pande zinazokimbia maji hukusanyika ndani, nyingine hubaki nje, na bila mtu kuzipanga hutokea kitufe kidogo mno kiitwacho miseli. Sabuni hung'oa mafuta kwa njia hiyo. Wanakemia nao huunda kopolima zenye pande mbili, ambazo miseli zake hubeba kiinini dawa zisizoyeyuka majini. Dawa ya saratani paklitakseli hutolewa hivyo Korea Kusini.

Afrika Mashariki imeijua zaidi kanuni hii kupitia chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Mwaka 2007 ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Kenya, na wa Korogwe, Tanzania, wilaya inayoanzia tambarare kama za Mnyuzi, zenye mbu wengi, hadi miinuko ya Usambara ambako malaria hupungua.

Katika kuiunda chanjo hiyo, hamira iliyobadilishwa vinasaba hutengeneza protini ya kirusi cha homa ya ini B, nyingine ikiwa huru, nyingine ikiwa imeungwa na kipande cha protini inayofunika kimelea cha malaria kitokacho kwa mbu. Sehemu za protini hizo zinazokimbia maji hushikana na mafuta ya hamira, zikawa chembe ya takriban nanomita 20. Kipande cha malaria hubaki nje, mbele ya seli za kinga.

Chembe hizo peke yake hazitoshi. Huja kama unga, na kabla ya kudungwa huchanganywa na AS01, kimiminika chenye liposomu, yaani vifuko vyenye ukuta wa mafuta na maji ndani. Ufundi mkubwa uko hapa. Ukutani mna QS-21, saponini ya gome la Quillaja saponaria, mti wa Chile. Ikiachwa huru hupasua seli nyekundu za damu, kwa sababu hung'ang'ania kolesteroli ya utando wake. Basi liposomu zikatiwa kolesteroli: saponini hushikana nayo humo, ikapoteza ukali wake bila kupoteza uwezo wa kuamsha kinga. Kiambato cha pili, MPL, kina mikia ya mafuta, hivyo hujipachika ukutani humo humo.

Liposomu hizi hazikuwekewa alama ya kutambua seli fulani. Kutoka msulini hufuata limfu hadi tezi za karibu, ambako seli za kinga huzimeza. Kwa chanjo, kulenga huko kunatosha.

Matokeo ya jaribio la Kilifi na Korogwe kwa watoto 894, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha ufanisi wa asilimia 53 kwa wastani wa miezi minane. Majaribio makubwa ya 2009 hadi 2014, Korogwe na Bagamoyo zikiwamo, yalionyesha kwamba kinga hufifia kadiri miaka inavyopita. Hata hivyo watoto wengi waliepushwa na ugonjwa, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo.

R21, chanjo nyingine ya malaria iliyopendekezwa mwaka 2023 baada ya kujaribiwa Bagamoyo pia, imebaki na kanuni hiyo. Katika chembe zake kila protini ina kipande cha malaria, nayo saponini ya Quillaja hufungwa pamoja na kolesteroli katika vitundu vya takriban nanomita 40.