Kabla ya Blantyre Kulikuwa na Nkhotakota

Ukiuliza mji mkongwe wa Malawi ni upi, jibu la haraka ni Blantyre, na anayelitoa ana ushahidi wake. Mwaka 1876 Kanisa la Scotland lilifungua misheni kwenye nyanda za juu za Shire. Aliyepachagua mahali ni Henry Henderson, akisaidiwa na mkalimani wake Tom Bokwito, kijana wa Kiafrika aliyesomea Lovedale, Afrika Kusini. Wakapaita Blantyre, kwa kufuata mji wa Scotland alikozaliwa David Livingstone. Johannesburg ilianza miaka 10 baadaye, Harare mwaka 1890, Nairobi mwaka 1899. Nyumba ya Mandala, iliyojengwa mwaka 1882 na kampuni ya biashara ya Waskoti, bado imesimama na baraza zake pana, na ndiyo hutajwa kuwa jengo kongwe kuliko yote yaliyosalia nchini. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote lilijengwa kati ya 1888 na 1891 chini ya mchungaji David Clement Scott, mtu ambaye hakusomea usanifu wa majengo, na mpaka leo wasanifu wanakwenda kulitazama.

Kasoro ya jibu hilo iko kwenye kipimo. Linachukulia kwamba mji huzaliwa siku anapofika mtu wa kuandika tarehe. Kwa kipimo hicho, mahali palipokuwa na soko, bandari na watawala kwa miaka 30 kabla ya Henderson panahesabiwa kuwa kijiji, au hapahesabiwi kabisa.

Tuanze na miji iliyokufa. Karibu na Mtakataka, wilayani Dedza, upande wa kusini wa Ziwa Malawi, mwanaakiolojia Mmalawi Yusuf Juwayeyi alichimba mahali paitwapo Mankhamba. Mapokeo ya Wachewa yanasema hapo ndipo yalipokuwa makao ya Kalonga, mtawala mkuu wa dola ya Wamaravi, ambayo nchi imerithi jina lake. Ardhini mlitoka shanga za kioo, shaba, pembe za ndovu na vipande vya kauri ya China. Kauri ya China haifiki Dedza bila bandari, na bandari zenyewe zilikuwa za pwani yetu ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alitembea kutoka Tete hadi Kilwa, akapita katika nchi ya Muzura, mtawala wa Kimaravi. Safari yake inaonyesha kwamba njia ilikuwepo, na kwamba mwisho wake ulikuwa mji wa Waswahili. Mankhamba basi ni mzee kuliko Blantyre kwa karne nyingi, ila leo hakai mtu pale kwa sababu ya utawala au biashara. Anayetafuta mji mkongwe ulio hai atafute kwingine.

Mimi napeleka kura yangu Nkhotakota.

Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Salim bin Abdallah alifika kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa, akatia nanga ya biashara yake hapo, akajipatia cheo cha Jumbe. Cheo hicho Waswahili wa Mrima walikuwa wakikitumia kwa wakuu wa miji yao, naye alikihamishia bara pamoja na mambo mengine ya pwani: kanzu, bunduki, Uislamu, mashamba ya mpunga na barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Warithi wake walishika cheo hicho hicho mmoja baada ya mwingine. Machifu wa Kiyao waliokuwa kusini na mashariki ya ziwa nao walikuwa na makarani wa kuwaandikia Kiswahili, kiasi kwamba Waingereza walipokuja kufanya mapatano au kutangaza vita, sehemu ya mawasiliano hayo ilipita katika lugha hii. Msomaji wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka anayedhani Kiswahili kimeingia Malawi na wakimbizi wa Uvira na Bukavu afahamu kwamba kilishaandikwa hapa kabla shule ya kwanza ya Kiingereza haijaezekwa.

Lakini mji huo tusiupambe. Ulilishwa na pembe za ndovu na watumwa. Livingstone alipofika mwaka 1861 alikuta jahazi la Waarabu likivusha watu waliokamatwa hadi ng'ambo ya mashariki, na kutoka hapo msafara ulikwenda kwa miguu hadi Kilwa. Wengi hawakufika. Katika simulizi za familia nyingi za Malawi jina la Jumbe linakaa upande wa waliouza, na sisi wenye lugha yake hatuna sababu ya kuliondoa hapo. Mji unaweza kuwa mkongwe na kuwa na historia ya kutisha; Kilwa na Unguja zinajua hilo. Mwaka 1889 konsuli wa Uingereza Harry Johnston alitia saini mkataba na Jumbe wa wakati huo, na haikupita miaka mingi Jumbe wa mwisho akaondolewa na kupelekwa Zanzibar. Watu wake walibaki. Misikiti ilibaki. Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo palepale mwaka 1894, na soko likaendelea kuuza samaki na mchele badala ya binadamu.

Hata kwa hesabu ya wamisionari wenyewe, Blantyre haikuwa ya kwanza. Misheni ya Livingstonia ilianza Cape Maclear mwaka 1875, ikashindwa na homa, ikahamia Bandawe mwaka 1881, kisha ikapanda mlimani Khondowe mwaka 1894. Ni mji mmoja uliozaliwa mara tatu, na sijui mhasibu gani angekubali kuupa tarehe moja. Kabla yake kulikuwa na Magomero, kituo cha Waanglikana cha mwaka 1861, kilichoangushwa na njaa, vita na homa. Manusura wa misheni ile walihamia Zanzibar mwaka 1864. Mmoja wa waliokwenda huko, Edward Steere, ndiye aliyekuja kuandika sarufi ya Kiswahili na kuchapisha hadithi za Unguja. Kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kinadaiwa kitu kidogo na kijiji kilichoshindwa kusini mwa Malawi.

Kaskazini, Karonga ina sura nyingine. Wangonde walikuwa na watawala wao, akina Kyungu, kwenye kilima cha Mbande. Katika miaka ya 1880 akaja Mlozi, mfanyabiashara Mswahili aliyejenga ngome Mpata na kupigana na kampuni ya Waskoti kuanzia 1887. Johnston alimkamata na kumnyonga Desemba 1895. Huo ndio mwaka ambao wazungu wa Blantyre walikuwa wakijipatia halmashauri yao ya mji.

Zomba nayo ni mtoto wa ofisi tangu kuzaliwa. Ilipewa makao makuu ya utawala wa Kiingereza mwaka 1891 kwa sababu ya hewa ya mlima na, nadhani, kwa sababu maofisa hawakutaka kukaa karibu na wafanyabiashara wa Blantyre waliojiona wenye nchi. Ikaendelea kuwa makao makuu baada ya uhuru wa 1964.

Lilongwe ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa kuwa inageuza hoja yote kichwa chini. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa boma kando ya mto, kisha maduka ya Wahindi, kisha ghala za tumbaku. Ilitambuliwa kuwa mji mwaka 1947. Sensa ya 1966 ilikuta watu takriban 19,000. Rais Hastings Kamuzu Banda, mzaliwa wa mkoa wa kati, alitaka makao makuu yaondoke kusini yasogee katikati ya nchi. Waingereza walikataa kutoa fedha wakiona mradi hauna faida. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliyokuwa ikitafuta rafiki barani, ikatoa mkopo. Mwaka 1975 serikali ikahamia, ingawa Bunge lilibaki Zomba mpaka 1994. Sensa ya 2018 ilikuta watu 989,318, na Blantyre 800,264. Mji uliopangwa mezani ukaupita mji uliopandwa na misheni.

Alama ya meza hiyo bado inaonekana. Mitaa ina namba: Area 18, Area 25, Area 47, na mgeni anayedhani mitaa ni jirani kwa kuwa namba zinafuatana atapoteza nauli ya minibasi. Kati ya mji wa zamani na mji wa serikali kuna msitu uliohifadhiwa na fisi wake. Ukitaka Lilongwe ya kabla ya Banda, nenda sokoni kando ya daraja, au Kawale, au Biwi, kule ambako watu walijipanga wenyewe kabla ya kupangwa.

Nje ya Lilongwe, mwendo wa kilomita 40 na ushei, wilayani Dowa, kuna mahali pengine palipoanza kwa amri. Dzaleka ilikuwa jela ya wapinzani wa Banda. Mwaka 1994, mwaka uleule Banda aliposhindwa uchaguzi, ikafunguliwa kuwa kambi ya watu waliokimbia Rwanda, Burundi na Kongo. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa inao zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani. Linganisha na sensa ya 2018: Karonga takriban 61,000, Mangochi takriban 53,000, Salima takriban 37,000. Na Mangochi ilianza kama ngome ya Johnston mwaka 1891.

Kuna soko, shule, makanisa na misikiti, vinyozi, mafundi cherehani, mashine za kusaga, na tangu 2014 kuna Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Menes La Plume, linaloleta wasanii na wageni kutoka Lilongwe na mbali zaidi. Lugha ya kuuziana ni Kiswahili, Kichewa kikifuata karibu. Wakazi wamevipa vitongoji majina ya mahali pengine nchini: Kawale, Likuni, Blantyre. Henderson alifanya hivyohivyo, na hakuna aliyemwambia kwamba pale ni pa muda.

Kinachoizuia Dzaleka kuitwa mji ni sheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti tisa ya kujitenga, yakiwemo ya ajira, mali, uhuru wa kutembea na uraia. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na polisi wakawakusanya. Maduka yao Lilongwe na kwingineko yakafungwa, nao wakarudi mahali palipokwisha kujaa. Wenye mamlaka wana hoja zao za usalama na ardhi, na wenyeji wa Dowa wana haki ya kuuliza maji na kuni za watu wote hao vinatoka wapi. Hata hivyo mtu aliyezaliwa Dzaleka mwaka 1994 sasa ana umri wa kuwa mzazi wa mwanafunzi wa shule ya msingi ya palepale, na karatasi bado inasema makazi hayo ni ya kupita.

Orodha rasmi ya miji ya Malawi na idadi ya wakazi wake hutungwa Zomba, ambako Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilibaki wakati wizara zilipohamia Lilongwe. Idadi ya watu wa Dzaleka hutolewa na UNHCR, pamoja na hesabu ya mgao.