Kiungulia na Magadi

Katika mabweni yetu hapa Arusha hakosekani mtu mwenye kipande cha magadi kilichofichwa sandukuni. Taa zikizimwa, mara utasikia mtu akilamba, kisha akibeua kwa nguvu, na wenzake wakicheka. Nataka kueleza kwa nini magadi hayo hutuliza kiungulia, na kwa nini hata hivyo hayafai.

Tumbo hutoa tindikali kali ya kusagia chakula, nalo limekingwa ndani kwa ute mzito. Umio, yaani njia ya chakula itokayo kooni, hauna kinga ya namna hiyo. Baina yao pana msuli wa duara ulio kama mlango: hufunguka tumezapo, kisha hujifunga. Ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, tindikali hupanda na kuunguza umio. Ndipo kifua huwaka na kinywa huwa kichungu.

Magadi, hayo hayo yatiwayo katika maharage ili yaive upesi, mengi hutoka Ziwa Natron, kaskazini ya hapa. Huua ukali wa tindikali, wazee hawakukosea. Lakini vikutanapo hutoa hewa nyingi, tumbo huvimba, na mlango ule ule husukumwa tena. Tena magadi huwa na floridi. Sisi wa miteremko ya Mlima Meru twaipata floridi hiyo katika maji, kwa ajili ya mawe ya volkano. Tazama meno ya kahawia ya wengi waliokulia Maji ya Chai. Meno huharibika utotoni yanapoumbwa, lakini floridi nyingi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa ya mtu mzima. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na chemchemi nyingi za huku zimeuvuka. Ya nini basi kuiongeza kwa kulamba?

Afadhali tuuangalie mlango wenyewe. Mkosaji mkubwa bwenini ni kiporo cha makande kiliwacho baada ya masomo ya jioni, kisha mtu akajitupa kitandani. (Makande nayapenda sana, siyasingizii.) Mtu akae muda wa saa tatu tangu kula mpaka kulala, tena ale kidogo kidogo. Kulala ubavu wa kushoto husaidia, maana mlango huwa juu ya tindikali. Kurundika mito hakufai, kwa kuwa hukunja tumbo; yafaa kuinua kichwa cha kitanda kwa matofali, kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Vitanda vyetu ni vya ghorofa, hivyo jambo hilo lingoje likizo, asije wa juu akaanguka.

Kiungulia kikija mara mbili au zaidi kila wiki, nenda zahanati. Ziko dawa, kama omeprazoli, zipunguzazo tindikali. Usingoje ikiwa chakula chakwama kooni, umekonda bila sababu, watapika damu au choo ni cheusi kama lami. Na maumivu ya kifua yaendayo mkononi au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, huenda yakawa ya moyo: mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.